Siku Kanisa Lilipomwimbia Mdai Wangu

Ndugu zangu, jina la Bwana liinuliwe! Hapana, hiyo ni sauti ya watu waliokunywa chai bila kitafunwa. Liinuliwe tena! Haya, asanteni. Sasa najua mko pamoja nami.

Mimi ni Nyanjura, lakini hapa Bweri, Musoma, mnanijua kama Mama Magesa, yule wa dagaa. Mume wangu ni yule pale ukutani, Baba Magesa, fundi wa kupaua. Nafasi hii nimeiomba kwa mchungaji muda mrefu, na kila nilipopewa nilikuwa naikimbia, maana habari yenyewe ni ya madeni, na madeni hatuyasemagi kanisani. Tunasema magonjwa. Tunasema safari, mitihani ya watoto, hata ndoa ikiyumba tunasema. Deni tunalifunika na kanga, tunajipaka mafuta, tunakuja kupiga makofi na wengine. Leo nalifunua. Msinionee aibu, kwangu imeshaisha.

Nyumba yetu wengi mnaijua, ile ya vyumba viwili na sebule, ukiipita unakutana na shamba la mihogo. Tuliijenga kwa miaka mingi. Mume wangu alikuwa anapaulia nyumba za watu, jioni anarudi na mbao zilizobaki kama mwenye kazi amekubali, na mimi nikiuza dagaa vizuri tunanunua mabati machache. Tulihamia kabla haijawekwa milango. Tulitundika mashuka! Lakini ilikuwa yetu, ndugu zangu, na mtu aliyepanga chumba Mukendo mjini kwa miaka, akihesabiwa hata ndoo ya maji anayotumia, anajua ninachosema. Siku ya kwanza nilipolala kwenye nyumba ile nilimwamsha mume wangu nikamuuliza, "Hivi kweli hakuna mtu atakuja kutuambia tutoke?" Akaniambia nilale, nisimsumbue.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyotaka kuondoka.

Mume wangu alianguka kutoka juu ya paa la mtu. Mbao iliyokuwa chini ya mguu wake ilikuwa imeoza ndani, juu inaonekana nzima. Mguu ulivunjika vibaya, wakasema lazima uwekwe chuma. Tukatoa tulichokuwa nacho, kikaisha. Tukaenda ofisi moja ya mikopo pale Mukendo, wakatupa, na hiyo nayo ikaisha. Mtu akatuambia kuna mama Bunda mjini anakopesha, anaitwa Mama Rhobi, hana maneno mengi, ukiwa na dhamana unapewa siku hiyohiyo. Na dhamana tuliyokuwa nayo ni moja tu. Tulikubaliana wote wawili, yeye akiwa kitandani mguu umening'inizwa, tukatoa karatasi ya kiwanja na nyumba. Mimi nikaipeleka Bunda kwa mkono wangu huu.

Mguu ukashonwa. Mungu asifiwe kwa hilo, na madaktari wabarikiwe. Lakini fundi wa kupaua mwenye chuma mguuni anakaa nyumbani, na riba haikai nyumbani. Riba ya Mama Rhobi ilikuwa ya kila wiki. Ukikosa wiki moja, ile riba uliyokosa inaingia kwenye deni, nayo inaanza kutozwa riba. Nikawa naenda Bukima ziwani kuchukua dagaa, naanika, naleta sokoni Musoma, nauza, napeleka Bunda, na nikirudi deni limenenepa kuliko nilivyoliacha! Chakula tukawa tunakopa dukani kwa Mzee Ramadhani pale Mukendo, unga, mafuta, sabuni. Halafu mvua zikatukuta dagaa wakiwa kwenye chanja. Anayefanya kazi hii anajua. Dagaa wakinyeshewa mara ya kwanza unawageuza na kuomba, mara ya pili unawauza kwa wafuga kuku, mara ya tatu hata kuku hawawataki. Zangu zilinyeshewa wiki nzima. Nilikaa kwenye mchanga pale Bukima nikalia mpaka akina mama wenzangu wakadhani nimefiwa.

Baada ya hapo sikuwa na cha kupeleka Bunda. Nikaanza kujificha.

Nilibadilisha laini ya simu. Mjini nikawa napita nyuma ya soko, nazunguka mbali, ili nisipite mbele ya duka la Mzee Ramadhani. Yule kijana wa ofisi ya Mukendo akija, naingia shambani kwenye mihogo nachuchumaa. Mama mzima! Mama Rhobi alikuja nyumbani mara kadhaa siku za kazi, hakunikuta. Alikuwa anamkuta mume wangu sebuleni amelala na mguu wake, anamuuliza mkeo yuko wapi, anajibu, "Ametoka." Mume wangu si mtu wa uongo. Nilikuwa nimetoka kweli, nimetokea mlango wa nyuma.

Na nilikuwa naomba. Msidhani nilikuwa siombi. Nilikuwa nafunga na kuomba kila wiki, nikaja hapa kwenye maombi ya Ijumaa, nikasema nina adui zangu wananifuatilia, sikusema ni adui gani. Mzee Magoma, mzee wetu wa kanisa, ndiye alikuwa anaongoza siku ile. Mnamjua akiomba. Alinishika kichwa akasema, "Bwana, wapofushe! Wapoteze njia! Wakifika Bweri wasione nyumba, waone pori!" Nami nikaitika amina kwa nguvu zote. Mzee Magoma, naona unacheka. Cheka tu, nakuja kwako.

Jumapili iliyofuata ndiyo habari yenyewe.

Nilikuwa nimekaa pale mbele na akina mama wa kwaya. Mahubiri yameisha, matangazo yameanza, na Mzee Magoma akasema kama tunavyosemaga kila wiki: wageni wetu wasimame, watuambie majina na wanakotoka, tuwafahamu. Akasimama kijana mmoja kutoka Tarime, amekuja kwa kaka yake. Akasimama mama mmoja wa Kiabakari. Halafu nikasikia sauti ya tatu kutoka benchi la nyuma kabisa, na mwili wangu uliijua kabla sijageuka.

"Bwana asifiwe. Mimi naitwa Mama Rhobi. Natoka Bunda mjini. Nimekuja kwa Mama Magesa."

Ndugu zangu, mlishangilia! Nyinyi wenyewe, msikatae! "Karibu!" mlisema, kanisa zima likaitika. Na Mzee Magoma, akiwa na furaha yake, akaita, "Mama Magesa, mama, hebu simama umpokee mgeni wako!"

Nilisimama. Nikatembea ile njia ya katikati, na kwaya ikaanza ule wimbo wetu wa wageni, na nyinyi mkasimama mkaimba mkipiga makofi. Mama Rhobi alikuwa amevaa kitenge cha zambarau, ana mkoba mkubwa mweusi begani, amesimama wima. Nilijua ndani ya mkoba ule kuna nyumba yangu. Na kwa desturi yetu mwenyeji anamkumbatia mgeni wake mbele ya watu. Nikamkumbatia. Akaniambia sikioni, polepole, "Mama, umejificha sana."

Nikawaza, Bwana, nimekuomba umpofushe, wewe umemleta mpaka madhabahuni!

Sasa mnajua taratibu za hapa. Mgeni akishatambulishwa kanisani haondoki bila kula kwa mwenyeji wake. Ningesema sina chakula, ingekuwa aibu ya kanisa zima. Kabla sijafika hata mlangoni, Mama Happy muuza samaki alikuwa ameshanifuata. "Mgeni wa Bunda utampa dagaa? Chukua sato hawa, usiniambie habari za hela." Mwingine akanipa unga wa muhogo, mwingine mchicha. Watu waliotoa hawakujua wanamlisha nani. Na Mzee Magoma akasema mgeni wa namna hii hawezi kuachwa aende peke yake, atamsindikiza. Tukaondoka watatu kwa miguu kwenda nyumbani. Mzee akawa anamsimulia Mama Rhobi habari za ujenzi wa kanisa, na mimi naomba moyoni barabara isiishe.

Mume wangu alipomwona mlangoni alijaribu kuinuka, magongo yakamwangukia. Alidhani amekuja na dalali. Nilimwona anamwangalia Mzee Magoma juu mpaka chini kama vile mzee wetu amegeuka mnunuzi! Nikaingia jikoni. Nikasonga ugali. Nilikuwa nasikia sebuleni wanazungumza habari za mvua na bei ya saruji, kama watu wanaopendana.

Chakula kikawekwa, tukanawa. Mzee Magoma akaombea, akambariki mgeni, akaombea nyumba yake Bunda, akaombea kazi za mikono yake zistawi. Mimi na mume wangu tukaangaliana. Kisha tukaanza kula, na Mzee, kwa upole wake, akamuuliza, "Kwani mama, wewe na Mama Magesa mlijuania wapi?"

Mama Rhobi akamega tonge. "Namdai," akasema.

Tonge la Mzee Magoma lilisimama njiani. Niliona macho yake yanatoka kwa Mama Rhobi, yanakuja kwangu, yanarudi kwa mgeni, na nikajua amekumbuka yale maombi ya Ijumaa. Alimeza bila kutafuna. Kweli si kweli, Mzee? Haya, amekubali kwa kichwa.

Mama Rhobi akaendelea kula, halafu akasema bila kupandisha sauti. "Nisiwafiche. Nilikuja na neno moja. Nyumba hii imepata mteja. Nilitaka niwaambie muanze kutoa vitu, maana simu hampatikani na kila nikija mama hayupo. Nikasema Jumapili siwezi kumkosa, lazima ataenda kanisani." Akachovya tonge. "Ila mmeniharibia siku yangu. Mimi miaka yote nikifika mahali watu wananifungiaga mlango. Mtoto anatumwa, 'Kamwambie mama hayupo,' na mama mwenyewe namsikia anakohoa ndani. Leo watu wazima wamesimama wananiimbia. Sikujua hata niangalie wapi. Na huyu mzee ameniombea kazi yangu istawi."

Mzee Magoma akasema kwa sauti ndogo sana, "Bwana anajua."

Hapo ndipo Mungu aliponifungua kinywa, ndugu zangu. Siku zote nilikuwa natayarisha maneno ya kumwambia: nimeumwa, dagaa zimenyeshewa, nihurumie. Hayo yote yalipotea. Nikamuuliza swali ambalo sikulipanga.

"Mama, kwenu mlifugaga?"

"Kwetu Serengeti ng'ombe ni wengi," akasema. "Kwa nini?"

"Mlikuwa mnawekesha kwa watu?"

"Babangu ng'ombe zake nyingi zilikuwa kwa watu."

Vijana wa mjini niwaeleze hapa. Mimi nimezaliwa Butiama, na baba yangu hakuwa na ng'ombe wake wengi. Alikuwa anawekeshewa. Mwenye ng'ombe anakuletea jike, unamchunga, unamlisha. Maziwa unakunywa wewe na watoto wako, na samadi ni yako. Ndama akizaliwa ni wa mwenyewe. Ndivyo watu wanavyoishi mpaka leo, na hakuna anayegombana. Lakini ukifika mwaka wa ukame mambo yanabadilika. Nilikuwa msichana mdogo mwaka mmoja majani yalipokauka mpaka mizizi. Mwenye ng'ombe wetu alikuja kutoka mbali, baba yangu akatoka kumpokea amejikunja kwa hofu, maana ndama hakuna hata mmoja. Yule mtu hakuuliza ndama. Alimwendea ng'ombe, akampapasa mbavu, akasema, "Yupo. Basi." Akanywa maji akaondoka. Mwaka wa ukame mwenye ng'ombe anauliza mama tu. Akianza kudai na ndama, mchungaji atakata tamaa, atamchinja ng'ombe au atatoroka naye, na mwenyewe atakosa vyote.

Nikamwambia Mama Rhobi, "Mama, ulinipa ng'ombe. Sikatai, sijamchinja, yupo. Ila mwaka huu nyumbani kwangu ni ukame. Mwenye mikono ndiye huyo unamwona na magongo, na dagaa zangu zimeoza. Nakuomba uniulize ng'ombe. Usiniulize ndama."

Mama Rhobi alikuwa na mfupa wa samaki mkononi, akaufyonza, akauweka. Nilidhani amekasirika. Kisha akacheka, ndugu zangu! Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Wewe mtoto wa Butiama umenikamata," akasema. "Miaka yote nakopesha watu, hakuna aliyeniambia hivyo. Wote wanalia tu."

Lakini msidhani aliinuka akaondoka ametusamehe kila kitu. Yule ni mfanyabiashara! Alivuta kiti, akauliza, "Na ndama waliokwisha kuzaliwa? Wale wa riba za wiki zote hizo? Wale ni wangu, walizaliwa kabla hujaniambia kuna ukame."

Mume wangu alikuwa na aibu ya mwanaume anayelala mchana. Ndiye aliyejibu. "Mama, waliozaliwa hatuwakatai. Tunachoomba wasizaliwe wengine kuanzia leo. Na wale tulionao, tupe nafasi, tusiwalete siku moja."

Akafikiri. Akamwangalia Mzee Magoma, akaangalia ukuta ambao hatujaupiga plasta, akaangalia paa. Nadhani aliona mume wangu amelipaua vizuri. Akasema, "Ukame ulikuwa mkali. Tuseme nusu ya ndama walikufa. Nusu mtanilipa. Na ng'ombe mtamleta kidogokidogo, kila wiki kile mlichoweza, lakini kila wiki nikuone. Usijifiche tena, mama. Siku ukikosa, njoo uniambie nimekosa. Nikikutafuta mimi, ndama wanaanza kuzaliwa upya."

Tukapeana mikono, Mzee Magoma akiwa shahidi. Kesho yake Mama Rhobi alirudi, tukaenda wote kwa mwenyekiti wa mtaa tukayaweka makubaliano yale wazi, riba imesimama, na mteja wa nyumba akaambiwa atafute nyumba nyingine. Nilipomsindikiza Mama Rhobi stendi jioni ile ya Jumapili, alisimama kabla hajapanda gari akaniuliza ibada yetu inaanza saa ngapi. Nikamwambia. Nikarudi nyumbani, nikakaa mlangoni, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Nilikuwa nimeomba watu wapofuke, na kumbe aliyekuwa kipofu ni mimi! Mungu alikuwa ameshanijibu kwa kumleta mgeni kanisani, na mimi nilitaka kumkimbia.

Nikapata ujasiri. Nikasema, kama Mama Rhobi amekula ugali wangu, hao wengine ni nani?

Nikaenda Mukendo na mume wangu na magongo yake, ile ofisi iko ghorofani, akapanda ngazi moja moja anatoka jasho. Meneja akatusikiliza, akasema mfumo hauruhusu. Habari za ng'ombe na ndama nilimweleza vizuri, lakini naye amezaliwa mjini, hazikumwingia. Tukarudi bila kitu. Wiki iliyofuata tukapanda tena ngazi zilezile, na nyingine tena. Mwishoni wakakubali kusimamisha faini za kuchelewa na kutuongezea muda. Riba yenyewe walikataa kuigusa. Nimesema nitasema ukweli hapa mbele: si kila mlango ulifunguka wote. Huo ulifunguka nusu, na tulipita kwa ubavu, tukashukuru.

Kwa Mzee Ramadhani ndiko nilikoaibika. Nilikwenda mbele ya duka lake asubuhi kweupe, nikasalimia, "Shikamoo Mzee." Akaitika, akaniangalia sana. Nikaanza kumweleza, mzee wangu najua nakudai, hapana, unanidai, na naomba usiniongezee riba. Akaweka chini mizani yake. "Riba?" akasema. "Mama Magesa, mimi Mwislamu, riba kwangu haramu. Ulikopa unga, utanilipa bei ya unga uleule. Sasa kwangu ulikuwa unakimbia nini miezi yote hii, unazunguka nyuma ya soko kama mwizi wa kuku? Nilikuwa nakuona!" Kisha akanipimia kilo za unga, akasema hizo aongeze kwenye deni au asiongeze? Nikamwambia asiongeze, nitalipia, na siku ile nililipia. Mungu ambariki mzee yule. Nilichoka miguu bure.

Tukaanza kulipa. Kila wiki nilikwenda Bunda. Wiki nyingine nilikuwa na fungu zuri, wiki nyingine nilikuwa na hela ya kutosha nauli na kidogo ya kumwekea mkononi. Wiki moja sikuwa na kitu kabisa, nikakopa nauli kwa Mama Happy, nikaenda kumwambia kwa mdomo wangu kwamba sina. Alinipa chai. Dagaa zikarudi, mwezi wa giza, taa za wavuvi zinapovuta dagaa, ukawa mzuri, watu Bukima wakavua mpaka chanja zikajaa. Mume wangu akaanza kufanya kazi amekaa, anapima na kukata mbao chini, vijana wanapanda juu kupigilia. Na kila nilicholipa nilikiona kinapunguza! Mnajua raha ya kulipa deni likapungua? Nilikuwa nimesahau kwamba deni linaweza kupungua.

Na mwezi uliopita tumemaliza. Ng'ombe na nusu ya ndama zake, wote wamerudi kwa mwenyewe. Nilijiandaa kwenda Bunda kuchukua karatasi yetu, Mama Rhobi akanipigia akasema nisiende, anakuja yeye. Alikuja akapiga hodi. Mume wangu alikwenda kumfungulia mlango mwenyewe, kwa miguu yake, bila gongo. Mama Rhobi akatoa karatasi kwenye ule mkoba mweusi, akampa mkononi. Mume wangu alisimama katikati ya sebule, akaegemeza kiganja chake ukutani, pale kwenye tofali tupu, akalia mbele yetu sote kama mtoto. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ile alipoanguka.

Wa Mukendo bado tunawadai, samahani, bado wanatudai, ulimi wangu una tamaa! Tunalipa. Lakini nyumba ni yetu, na hakuna anayekuja kutuambia tutoke. Nani kama Bwana, ndugu zangu? Nani? Asante Yesu kwa mguu. Asante kwa Mama Rhobi, uliyemleta kwa gari la Bunda asubuhi na mapema. Asante kwa kanisa hili lililoimba bila kujua linamwimbia nani, na kwa Mama Happy na sato wake. Na Mzee Magoma, Mungu akubariki kwa maombi yote mawili.

Sasa namalizia, mchungaji ananiangalia.

Ndugu yangu unayenisikiliza, najua uko humu. Umekaa umetulia, umevaa vizuri, na simu yako umeizima, na si kwa sababu ya ibada. Unajua leo utapita njia gani kurudi nyumbani, na mitaa gani huwezi kuipita. Mwamini Mungu. Lakini usimwombe akufichie mtu unayedaiwa naye. Mwombe akupe miguu ya kwenda kwake na kinywa cha kusema naye, na umwambie huyo anayekudai, "Simamisha hili lisiongezeke, nami nitalipa." Wengine watakataa. Rudi tena. Yupo mmoja anayengoja tu uende.

Na kama unaogopa kwenda peke yako, mimi nitasimama pale nje, chini ya lile bati la mlangoni, mpaka watu wote waishe. Huna haja ya kunieleza unadaiwa nini. Nishike mkono tu uniambie ni mtaa gani. Kesho asubuhi, kabla sijaenda Bukima, twende wote.